Jiwe la Mbinguni na Ngamia wa Shangazi

Nilipomaliza chuo cha ualimu huko nyanda za juu, mkufunzi wetu wa sayansi, Mzungu mzee aliyekuwa akifunga virago arudi kwao, alitugawia vitu vyake. Mwenzangu mmoja alipata baiskeli, mwingine kitanda cha chuma chenye springi. Mimi nilipewa darubini. Ilikuwa ya shaba, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ikisimama juu ya miguu mitatu ya mbao.

"Wewe unarudi Garissa," aliniambia. "Kule mna anga safi kuliko pote nchini."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu akilionea wivu jimbo letu. Nilimshukuru, huku nikiiwaza ile baiskeli.

Pamoja na darubini alinirithisha jiwe, na kitabu cha hesabu zake. Alikuwa ametufundisha kwamba kati ya sayari ya Mirihi na sayari ya Mshtarii kuna mkanda mpana wa mawe yanayolizunguka jua, maelfu kwa maelfu, nayo huitwa asteroidi. Yeye alikuwa amelichagua moja dogo, ambalo wataalamu walilipa namba wakaliacha hapo, akalifuatilia vitabuni miaka mingi kama mchungaji anayemtafuta ngamia aliyepotea. Alizijua tabia zake zote. Upana wake haukuzidi maili saba au nane. Halikuwa mviringo, lilirefuka kama kiazi kitamu, na hilo lilijulikana kwa sababu mwanga wake ulipanda na kushuka kila lilipojipindua. Lilijipindua upesi, usiku wake na mchana wake vyote viwili vikaisha kati ya alfajiri na adhuhuri yetu. Lilikuwa jeusi kama makaa. Kulizunguka jua mara moja lilitumia zaidi ya miaka minne. Halikuwa na hewa, halikuwa na maji, halikuwa na jani hata moja.

"Ni mahali pasipo na faida kwa kiumbe yeyote," mkufunzi alisema kwa mapenzi makubwa, "na ndiyo maana hakuna anayepagombania."

Nikarudi kwetu, ambako maji na majani vilikuwa haba vilevile, nikakuta panagombaniwa.

Walikuwapo waliotaka jimbo letu liungane na Somalia, na ilikuwapo serikali mpya ya Nairobi iliyosema hapatoki hata shubiri moja. Waliokuwa na bunduki msituni waliitwa shifta. Sisi tusiokuwa nazo tuliitwa watu wanaoweza kuwa shifta. Hali ya hatari ikatangazwa, na pamoja nayo ikaja kafyu: kuanzia magharibi mpaka alfajiri, ukionekana nje unapigwa risasi, kisha unaulizwa ulikuwa ukienda wapi. Kwa hiyo nilikuwa na anga safi kuliko pote nchini na amri ya kutoitazama. Darubini niliiweka chini ya kitanda, nikafundisha hesabu.

Vita vilipoendelea ikaja amri ya vijiji. Wafugaji wote waliokuwa wakihama na mifugo yao walitakiwa wakae mahali pamoja, ndani ya ua wa miiba na seng'enge, ili serikali ijue nani ni nani. Kijiji cha ukoo wetu kiliwekwa kaskazini ya mji wa Garissa, mbali na mto, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa kwa hiari yake. Waliokichagua walikuwa na ramani nzuri sana. Mimi nilihamishwa kutoka mjini nikafundishe huko, na hapo ndipo nilipoishi tena karibu na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Kwetu shangazi ni eeddo, naye humwita mpwa wake kwa neno hilohilo, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tukiitana "eeddo" mchana kutwa. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, aliyebaki na mwana mmoja wa kiume aliyekwisha kuwa kijana wa kuoa, na kundi la ngamia. Aliwapenda wote, na sina hakika kwa mpangilio gani. Ngamia walilala katika zizi lililounganishwa na ua wa kijiji, karibu na lango la kaskazini, na mchana waliruhusiwa kula pale ambapo askari waliweza kuwaona. Askari hawakuwa na macho marefu. Haukupita muda malisho yote yaliyokuwa machoni mwa askari yakawa vumbi, na ngamia wakaanza kufa wamesimama.

"Upande wa Habaswein mvua imenyesha," eeddo aliniambia asubuhi moja. Alijuaje, sijui, nadhani aliinusa. "Ndama wangu wanakufa hapa, na majani yanaoza kule."

"Omba ruhusa, eeddo."

"Nimeomba. Yule ofisa ameniambia ngamia wakihamahama hawapati maendeleo."

Ofisa huyo wa tarafa alikuwa kijana kutoka bara, rika langu, mwenye soksi ndefu alizozipiga pasi kila siku Mungu aliyoileta. Hakuwa mtu mbaya. Aliletwa kututawala akiwa hajui Kisomali, hajawahi kumwona ngamia isipokuwa kwenye pakiti ya sigara, na alitamani mno kupandishwa cheo apelekwe mahali penye bomba la maji. Tulikutana rasmi siku askari walipopekua kijiji wakitafuta bunduki. Wakaikuta darubini yangu. Nikapelekwa ofisini kwake, hema lenye meza, darubini ikiwa imelazwa mezani kama maiti.

"Hii ni nini?"

"Darubini, bwana."

"Unatazama nini nayo?"

"Sijaitazamia kitu tangu kafyu. Nilikusudia kutazama jiwe."

"Jiwe gani? Liko wapi?"

"Kati ya Mirihi na Mshtarii."

Akamgeukia sajini wake, mzee aliyekuwa amelizunguka jimbo lote tangu enzi za Waingereza. "Hizo ziko wapi? Ni upande wa Liboi?"

Sajini alifikiri kwa muda, akasema hajawahi kutumwa huko.

Ikanibidi nieleze. Nilieleza jua, nikaeleza sayari, nikaeleza mkanda wa mawe na jiwe letu dogo, uzito wake mdogo, weusi wake, mzunguko wake. Niliongea kwa hofu, na hofu ina ufasaha wake. Nilipomaliza, ofisa alikuwa ameweka kalamu chini.

"Na haya nyote mnayajua? Watu wa hapa?"

"Hapana, bwana. Ni mimi tu."

Alisimama akatembea mara mbili tatu ndani ya hema. Baadaye ndipo nilipojua kilichompata. Kila ofisa wa kijiji alitakiwa kuendesha mafunzo ya watu wazima, ili tuache kufikiria Mogadishu. Yeye alikwisha kufundisha choo, akafundisha wimbo wa taifa, akafundisha choo tena. Wahudhuriaji walikuwa askari na mbuzi. Sasa mbele yake alisimama mwalimu aliyejua habari ya kitu kisicho na siasa hata chembe.

"Utawafundisha hili jiwe," alisema. "Ijumaa baada ya alasiri. Utasema Kisomali, kisha utanitafsiria mimi kila kitu kwa Kiswahili. Kila kitu, mwalimu."

Ijumaa watu walikuja wengi, kwa kuwa askari walipita nyumba kwa nyumba kuwaalika. Walikaa chini uwanjani, wazee mbele, wanawake upande wa kushoto. Ofisa alikalia kiti. Mimi nilisimama na jiwe halisi mkononi nililoliokota njiani, nikaanza.

Mwanzo walisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua ya jirani. Lakini nilipofika kwenye tabia za jiwe lenyewe, nikaona shingo zinanyooka. Niliwaambia kwamba ngamia wa mizigo angeweza kulizunguka lote kwa siku moja ya safari. Niliwaambia kwamba mvuto wake ni dhaifu mno, hata mtu akiruka pale angepaa, akatulia juu, akakaa huko muda wa kutosha kuchinja mbuzi na kumchuna kabla hajashuka.

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akainua fimbo. "Mwalimu, na ngamia akiruka?"

"Naye angepaa, adeer," nilimjibu, kama tunavyomwita ami au mzee yeyote.

"Basi huko hata wakijenga ua wa miiba haufai kitu."

Uwanja ukaangua kicheko. Ofisa akainama mbele. "Amesema nini?"

"Anauliza kama huko kuna mifugo, bwana."

"Swali zuri. Endelea."

Mwingine akauliza jiwe lile liko chini ya nani, Mirihi au Mshtarii. Nikajibu kwamba si mali ya yeyote kati yao. Lina njia yake lenyewe, ingawa Mshtarii kwa ukubwa wake hulivuta-vuta.

"Na lenyewe limeulizwa linataka wapi?"

Hiki kicheko kilikuwa kirefu zaidi, na baadhi ya askari wetu wa ulinzi wa kijiji, waliojua Kisomali, walicheka wakiwa wamegeuka nyuma.

"Anauliza," nilimwambia ofisa, "kuhusu nguvu za mvutano."

"Hawa watu wana akili," ofisa alisema kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini kwenye choo hawakuuliza maswali?"

Mwanamke mmoja akataka kujua kama huko juu kuna kafyu. Nilitafsiri kwamba anauliza urefu wa usiku. Ofisa akajibu mwenyewe, kwa fahari, kwamba usiku wa huko ni mfupi sana, saa chache tu. Nikawatafsiria, na mwanamke yule akasema hiyo ndiyo serikali anayoitaka. Nilikuwa natoka jasho. Katika maisha yangu nimefanya kazi nyingi, lakini hakuna iliyonichosha kama kumtafsiria bwana mmoja mwenye furaha.

Mwishoni akasimama eeddo. Hakunitazama mimi. Alimtazama ofisa, akasema naye moja kwa moja kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Bwana mkubwa. Mwalimu nasema maneno mingi. Sisi hatuwezi amini kitu hatujaona. Hiyo jiwe tunataka ona na macho."

"Mama, jiwe huonekana usiku tu," ofisa alimjibu, "na usiku kuna kafyu."

"Kafyu nani ameweka?"

"Serikali."

"Na serikali ya hapa ni nani?"

Ofisa alinyoosha soksi yake moja. "Ni mimi," alisema.

"Haya," akasema eeddo, akakaa.

Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba kwa ajili ya elimu kafyu ingelegezwa jioni moja, kutoka sala ya magharibi hadi sala ya isha, na kwamba watu wote wangekusanyika uwanja wa mashariki wapange foleni kwenye darubini. Ofisa alitaka kila mtu aone. Hata askari wa lango la kaskazini aliwapa ruhusa waje kwa zamu. Wale wakaja wote mara moja, kila mmoja akiamini mwenzake amebaki.

Jioni ile anga lilikuwa kama mkufunzi wangu alivyolisifu. Mwezi haukuwapo. Kilimia kilikwisha kuchomoza mashariki, na kwa hesabu za kitabu nilichorithishwa, jiwe letu lilipaswa kuwa chini kidogo ya nyota zake. Nilisimamisha miguu mitatu ya mbao, nikaelekeza, nikatafuta. Kulikuwa na vijidoa vingi vya mwanga kama unga uliomwagika. Hapa sharti nieleze jambo moja la asteroidi: kwa macho haina tofauti yoyote na nyota. Utaijua tu kwa kuwa nyota zimetulia mahali pao, nayo imesogea. Yaani lazima uitazame usiku mmoja, kisha usiku mwingine, ndipo useme, huyu aliyehama ndiye. Mimi nilipewa jioni moja. Nikachagua doa moja lililokaa pembeni peke yake, nikasema, "Ni hili."

Ofisa alikuwa wa kwanza. Alivua kofia, akainama.

"Naona nyingi, mwalimu."

"Ile ndogo ya chini, bwana. Iliyojitenga."

Akakaza jicho. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa shule, "Na pale hakuna mtu hata mmoja."

"Hakuna, bwana."

"Hakuna faili wala simu ya upepo." Aliendelea kutazama.

Watu walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakasema subhanallah, wakapita. Mzee wa ndevu za hina alisema ameliona vizuri, tena lina shimo ubavuni. Mimi nilikuwa nimeshughulika na kurekebisha darubini, maana dunia inazunguka na nyota hutoroka kwenye kioo, ndipo nikahisi kuna kitu kimepungua. Ilinichukua muda kujua ni nini. Kila jioni, saa kama ile, zizi lilikuwa na sauti: kengele za mbao kwenye shingo za ngamia, kok, kok, kok, mpaka unalala nazo. Sasa kulikuwa kimya. Hata kengele moja haikulia.

Nikainua kichwa, nikawatazama watu. Walikuwa wazee, wanawake na watoto. Mwana wa eeddo sikumwona. Vijana wenzake pia sikuwaona.

Eeddo alikuwa amesimama karibu nami, mikono ameifunga ndani ya shuka.

"Kengele, eeddo," nilimnong'oneza kwa Kisomali.

"Zimeshiba majani," alinijibu bila kugeuka. "Mwambie mgeni wako habari zaidi. Anapenda kusikia."

Nilielewa yote mara moja: vijana walikuwa wamewatoa ngamia kwa lango la kaskazini. Wakikamatwa nje ya ua watapigwa risasi, na mimi ndiye niliyeleta kisa chote cha jiwe. Ningefanya nini? Sajini alikuwa ameanza kupiga miayo na kuangalia upande wa zizi. Nikamshika ofisa mkono.

"Bwana, sasa ndio wakati. Jiwe likijipindua mwanga wake hupungua. Ukikaza macho bila kupepesa utaliona likififia."

"Kweli?" Akarudi kwenye darubini mbio. Sajini naye akaitwa ashuhudie. Niliwaambia kwamba sasa tunaona ubavu wake mrefu, na punde tutaona ncha yake. Kwamba linafifia ni kweli. Kwamba lingefifia mbele ya macho ya mtu aliyeinama dakika chache, hilo lilikuwa langu mwenyewe. Lakini ofisa alikodoa mpaka jicho likatoka machozi, na jicho lenye machozi huona kila nyota ikififia.

"Linafifia!" alipaza sauti. "Sajini, linafifia!"

Sajini aliinama, akakaa sana, akasema ndiyo afande.

Muda wa isha ulipokaribia na muadhini akasimama, eeddo akasogea. "Bwana mkubwa, mimi bado. Macho yangu zee." Aliinama kwenye darubini, na nina hakika kwamba hakulielekeza jicho kwenye kioo kabisa; alikuwa amelifumba. Alikaa hapo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na kila ofisa alipokohoa, alisema, "Ngojea kidogo. Hiyo jiwe iko na aibu." Alipoinuka tukaswali, watu wakaenda kulala, lango likafungwa kwa makufuli.

Asubuhi zizi lilikuwa na ngamia wazee watatu waliokuwa wamelala chini, na kinyesi kingi.

Niliitwa hemani kabla sijanywa chai. Ofisa alikuwa amekaa bila soksi. Sajini alisimama nyuma yake akitazama paa.

"Mwalimu. Ulijua?"

"Sikujua, bwana, mpaka katikati." Sikuona faida ya kumdanganya mtu aliyekwisha kuvua soksi.

"Katikati ya nini?"

"Lilipokuwa likififia."

Aliuficha uso mikononi. Nilifikiri analia, kisha nikaona mabega yanatikisika kwa njia nyingine. Alipoinua uso tena alikuwa mkali.

"Nikiwatumia ndege na askari wa doria, nitaulizwa walitokaje. Nikisema walitoka langoni, nitaulizwa walinzi walikuwa wapi. Nikisema walinzi walikuwa wakitazama asteroidi..." Sajini alikohoa, akasema kwa heshima kwamba ukame wa mwaka huu umeua ngamia wengi sana, na kwamba mizoga ilikuwa imetapakaa kila mahali, afande akitaka kuhakikisha. Walitazamana.

Hivyo ndivyo ngamia wa eeddo na majirani zake walivyokufa kwa ukame katika maandishi ya serikali, wakati miguu yao ilikuwa ikikanyaga matope mbele ya Habaswein.

Ilibaki taarifa ya mafunzo, na hiyo ofisa hakuwa na sababu ya kuificha. Aliandika kwamba kijiji kizima kilihudhuria kwa hiari, kwamba wananchi waliuliza maswali ya kina, na kwamba hakuna aliyetaja siasa. Mkubwa wake alikuja kutoka mjini na Landrova kutazama muujiza huo. Alinipa mkono. Akaamuru mafunzo ya asteroidi yapelekwe vijiji vingine mpaka Wajir, na akaamuru pia darubini ichukuliwe na kuhifadhiwa ghalani, kwa kuwa ni chombo nyeti na kinaweza kuangukia mikono ya adui. Kwa hiyo nilitumwa kuwaonyesha watu kitu kisichoonekana, bila chombo cha kukionea. Ofisa alipata cheo chake na kuhamishwa. Alipelekwa Rhamu, mpakani kabisa, kwenye joto na mbu wa mto Daua. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa muda mrefu. "Nilikuwa nimeomba Nyeri," alisema.

Nilipofika Hadado, mbele ya Wajir, nilikuta uwanja umejaa kabla sijapiga hodi. Hakuna askari aliyekuwa amewaalika. Wazee walikuwa wameketi mstari wa mbele tangu adhuhuri, macho yanawaka. Sijawahi kuona watu wenye kiu ya elimu kama ile. Nikaanza habari ya sayari, mzee mmoja akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, hizo tumezisikia. Tuambie jambo moja: jioni ya kutazama ni lini, na ni lango gani?"

Nikajua kwamba habari ilikuwa imefika kabla yangu, kwa miguu. Ofisa wa pale kwa bahati mbaya alikuwa mtu mzima mwenye akili. Alisikiliza somo langu lote akiwa amekunja mikono, akanishukuru, akasema kwamba watu wake wataamini kwa imani tu. Nilifundisha somo hilohilo katika vijiji vitatu vingine, kila mahali mchana, jua la utosi, nikinyoosha kidole kwenye anga jeupe.

Vita vilipokwisha, mwaka wa sitini na saba, na hali ya kawaida ikaanza kurudi kwa kuchechemea, nilikwenda Nairobi kwa kozi, nikamkuta mwalimu wa fizikia aliyezijua nyota. Nikamsimulia, nikamtajia namba ya jiwe na ukubwa wa kioo cha darubini yangu. Alichukua karatasi akapiga hesabu, kisha akanitazama kwa huruma. Jiwe dogo na jeusi namna ile, alisema, halionekani kwa kioo kile hata kidogo. Ningehitaji darubini kubwa kama pipa la maji. Kijiji kizima, askari, sajini, ofisa na mimi mwenyewe tulikuwa tumekodolea macho nyota ya kawaida. Nilimwuliza kuhusu lile shimo la ubavuni. Alidhani namtania.

Niliporudi nilimweleza eeddo. Alikuwa akisuka kamba mbele ya kibanda, nje ya ua sasa, maana ua ulikuwa umeachwa ukianguka wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe," akaendelea na kamba.

Kitu kilichomshughulisha wakati ule ni mwanawe. Tangu jioni ile hatukuwa na habari yake ya hakika. Mara tuliambiwa ameonekana Lorian, mara kwamba yuko ng'ambo ya mpaka, mara kwamba kuna vijana waliopigwa risasi kisimani na mmoja alikuwa mrefu. Eeddo hakulia mbele za watu. Aliacha tu kula nyama, na hakueleza sababu.

Akaja mwishoni mwa kiangazi, asubuhi, akitembea mbele ya kundi lililopungua lakini lenye ndama wawili wapya. Alikuwa amekonda, na mguu wake mmoja ulikuwa na kovu baya ambalo hakutaka kulizungumzia. Eeddo alisimama. Aliwatazama ngamia kwanza, mmoja baada ya mwingine, akiwagusa shingo. Kisha akamfikia kijana, akamshika sikio kama mtoto, hakulivuta, alilishika tu.

"Yule jike mweupe yuko wapi?"

"Nimemtoa, hooyo."

"Umemtoa wapi?"

Kijana akageuka. Nyuma ya ngamia wa mwisho alikuwa amesimama msichana wa Habaswein aliyemtolea mahari, mfupi, mwenye macho makali, amebeba kibuyu cha maziwa mgongoni. Alimsalimu eeddo vizuri sana, kwa maneno yote yanayotakiwa. Halafu, kabla ya kuambiwa karibu, alitazama kibanda, akatazama zizi, akasema kwamba mlango wa zizi umekaa upande mbaya wa upepo.

Eeddo alinitazama mimi, kana kwamba hili nalo nilikuwa nimelileta kutoka chuoni.

Wiki hiyohiyo zizi lilivunjwa na kujengwa upya.